Paa la Zege la Arcesio

Viroba vya mchanga vilipandishwa juu ya paa la Arcesio Chocué siku ya Jumanne, saa moja asubuhi, na hakuna aliyebisha hodi. Kituo cha polisi na nyumba ile vinagusana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo askari waliruka tu kutoka kwao, wakaanza kupokezana viroba kama watu wanaoshusha mahindi sokoni. Edilma Dagua, mke wa Arcesio, alikuwa jikoni akikanda unga. Vumbi lilipoanza kudondokea ndani ya kahawa yake kupitia tundu la ngazi, alitoka uani na mikono yake ya unga, akatazama juu. Bunduki ya rashasha ilikuwa imeshapangwa, na mdomo wake umeelekezwa mlimani.

Ngazi yenyewe haikuwapo, lilikuwapo tundu tu. Arcesio aliliacha makusudi, na nondo akaziacha zimechomoza juu ya paa, kama afanyavyo kila mtu hapa Peñas Altas anayeota kujenga ghorofa. Ghorofa hiyo ilikuwa ya binti yao Nidia, mwalimu wa watoto wadogo katika shule iliyo ng'ambo ya uwanja. Mtaa mzima hakuna nyumba nyingine yenye paa la zege. Wengine wanaishi chini ya mabati na vigae. Siku ya kulimwaga watu arobaini walikuja kwa ujima, wakapandisha ndoo tangu alfajiri hadi alasiri, wakala supu ya kuku na ndizi mbichi, sancocho yetu, na Arcesio akalewa, akalia mbele za watu kwa furaha. Sasa askari mmoja alikuwa ametundika fulana yake mbichi kwenye nondo za chumba cha Nidia.

"Wee afande!" Edilma aliita. "Nani kakuruhusu kupanda juu ya nyumba ya watu?"

Kijana mmoja akachungulia. Alikuwa Banquez, mtu wa pwani, mwenye maneno ya haraka na masikio makubwa.

"Habari za asubuhi, mama. Ni amri tu. Mimi mwenyewe ningependa niwe kwetu nakula samaki."

"Basi shuka ukale samaki."

"Nikishuka, Luteni atanila mimi."

Edilma hakucheka. Alijua, kama anavyojua kila mtu anayelala karibu na kituo, kwamba pale bunduki inapokaa ndipo mitungi inapokuja. Wale wa mlimani, waasi, huchukua mtungi wa gesi, huu huu wa kupikia maharagwe, wakaujaza baruti na misumari, wakaurusha kwa bomba. Hauna macho. Mwaka juzi waliulenga kituo, wakaua farasi wa padri na wasichana wawili waliokuwa wakisuka nywele.

Mama mkwe wake, Bibi Domitila, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake uani akimenya maharagwe na kuyatia koponi. Masikio yake yalikufa zamani. Edilma alimwonyesha juu kwa kidole, akaigiza bunduki kwa mikono.

"Mimi hawanisumbui," Bibi alisema kwa sauti ya juu, kama kawaida yake. "Katika mji huu ni mimi peke yangu ninayelala usingizi."

Kwa ajili ya masikio hayo kulikuwa na sheria moja nyumbani. Mlio wa kwanza ukisikika mlimani, aliye karibu na Bibi amshike bega, na Bibi atasimama bila kuuliza, ataingia ndani. Toka mlio mpaka mtungi kuanguka watu wa hapa wameshahesabu: ni tisa. Katika hesabu hiyo ya tisa mtaa mzima hukimbilia chini ya zege la Arcesio.

*

Siku mbili baadaye alikuja mteja. Edilma huuza sambusa za mahindi dirishani, na huyu alinunua nne, akazila zote papo hapo, akafuta vidole kwa kitambaa. Viatu vyake vilikuwa vya mpira, vya tope.

"Tamu sana hizi, mama. Tunawapa siku nane."

"Siku nane za nini?"

"Za kuwatoa hao juu. Wasipotoka, sisi hatutauliza nani analala chini."

"Sisi hatukuwaweka."

"Najua."

"Sasa unaniambia mimi niwatoe? Kwa nini? Kwa mwiko?"

Mtu yule akatabasamu. Alikuwa na umri wa Nidia, pengine walisoma darasa moja. "Paa ni lenu, mama. Mwenye paa ndiye mwenye jibu."

"Na mtungi wenu nao ni wa nani, ukianguka kwa jirani?"

"Makosa hutokea kwenye vita." Akaweka noti dirishani, akaondoka bila kungoja chenji.

Edilma alimsimulia mumewe. Arcesio ni fundi, mtu wa mikono mizuri na ulimi mzito. Alisema atazungumza na Luteni, na kweli alikwenda, amevaa shati lake la kanisani. Akasimamishwa getini dakika arobaini juani. Alipoingizwa, Luteni aliendelea kuandika bila kuinua kichwa.

"Siku nane, eh? Umejuaje?" Luteni aliuliza. "Wewe unaongea nao?"

"Hapana, Luteni. Walikuja kununua sambusa."

"Na mkawauzia."

Arcesio alirudi nyumbani, akavua shati lile, akalikunja vizuri na kulirudisha kabatini. Siku hiyo hakula.

*

Jumatatu iliyofuata ikaja gari nyeupe kutoka mji mkuu. Huku kwetu kila mwenye mkoba wa ngozi huitwa dokta, na huyu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nzuri, kwa hiyo alikuwa dokta mara mbili. Watu waliitwa ukumbini. Aliwasha mashine, ukutani ikatokea picha ya ukumbi mwingine wenye bendera nyingi.

"Nchi yetu," alisema, "imetia saini tamko la mataifa. Imeahidi kuwalinda raia dhidi ya silaha za milipuko katika maeneo wanayoishi watu. Msimamo wetu uko wazi kabisa."

Watu walipiga makofi kwa sababu makofi ni bure. Luteni, aliyekaa safu ya pili, naye alipiga. Edilma akanyoosha mkono.

"Dokta, naomba kuuliza. Huo msimamo unajua kwamba kuna rashasha juu ya jiko langu?"

Kicheko kikazuka nyuma. Dokta hakucheka, alivua miwani, na nadhani aliona haya kidogo, Mungu amjalie. "Mama, tamko linahusu pande zote. Kituo cha polisi kuwa katikati ya makazi ni jambo ambalo… linatazamwa."

"Linatazamwa na nani?"

"Na mamlaka husika."

"Wakimaliza kulitazama watatukuta?"

"Andika barua ya madai, mama. Ni haki yako kikatiba. Ipelekwe kwa mtetezi wa wananchi pale manispaa, igongwe muhuri, na ndani ya siku kumi na tano za kazi utajibiwa."

"Mimi nimepewa siku nane, Dokta, na tano nimeshazila."

Dokta akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye alimpa Edilma kadi yenye namba ya simu. Namba hiyo, ilipopigwa, ilisema kwa sauti ya kike kwamba mazungumzo yako ni muhimu kwetu.

Nidia ndiye aliyeandika barua usiku ule ule, kwa mwandiko wake wa ubao, herufi za duara. Alipomaliza akamsomea mama yake, na Edilma akasema aongeze kwamba ndani ya nyumba kuna kizee asiyesikia. Wakaongeza.

*

Jumatano, ikiwa imebaki siku moja, Edilma alikuwa kwenye foleni manispaa tangu saa mbili. Saa nne kasoro robo akafika dirishani. Karani aliipindua barua mbele na nyuma, kama mtu anayekagua samaki kama ameoza.

"Nakala ya kitambulisho iko wapi?"

"Hiyo hapo nyuma."

"Hii ni ya kawaida. Inatakiwa ikuzwe, asilimia mia na hamsini."

"Mwanangu, sura yangu si ni hii hapa mbele yako? Ikuze mwenyewe."

"Utaratibu, mama. Duka la nakala liko kona. Ukirudi unaanza foleni upya."

Wa nyuma yake wakaguna. Edilma alikuwa anazikusanya karatasi zake, na uso unamwaka kwa aibu, mlio wa kwanza ulipotoka mlimani. Pum, mzito, kama mlango wa ghala uliofungwa kwa hasira. Foleni nzima ikajitupa sakafuni. Yeye alibaki amesimama, anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Arcesio yuko nyumbani. Nne. Arcesio yuko nyumbani, atamshika bega. Tano. Sita.

Kwenye saba alikuwa ameshatoka mlangoni anakimbia.

Wale wa mlimani hawakungoja hata siku zao wenyewe ziishe. Mtungi wa kwanza uliangukia uwanjani, ukang'oa mbele yote ya duka la dawa. Mtaa mzima ukafanya ulichozoea kufanya miaka yote: ukakimbilia chini ya zege la Arcesio. Hakuna aliyekumbuka kwamba safari hii zege lile ndilo linalotafutwa. Miguu haijui siasa. Arcesio alisimama mlangoni anawavuta ndani mmoja mmoja, watoto wa fundi viatu, mke wa mwoka mikate na kichanga chake, mzee Efraín na mkongojo wake. Alikuwa anawahesabu kwa sauti. Kumi na mmoja. Nyumba ikajaa, watu wakakaa juu ya watu, akaufunga mlango wa mbele na kuuegemea kwa mgongo. Juu yao rashasha ilikuwa inapiga bila kupumzika, na maganda ya risasi yakimwagika kupitia tundu la ngazi, ya moto, juu ya vichwa vya watoto.

"Bibi yuko wapi?" mke wa mwoka mikate aliuliza.

Kila mtu alidhani mwingine amemshika bega.

Mtungi wa pili uliwapata askari juu, kwenye viroba. Zege lilitikisika, likateremsha vumbi jeupe, likasimama. Chini watu wakapiga kelele na kuomba, wakajigusa wakajikuta wazima. Kisha kupitia tundu la ngazi ukaning'inia mkono wa Banquez, na saa yake bado imefungwa, na damu ikaanza kutiririka kutoka kwenye vidole kuangukia meza ya Edilma, kwenye sinia la unga. Arcesio alikuwa anapita katikati ya watu kuuelekea mlango wa uani. Alikuwa ameshaushika. Wa tatu ukaanguka uani.

Mlango ulikuja pamoja naye mpaka katikati ya chumba. Misumari iliyopenya ndani ilimuua mzee Efraín akiwa amekaa, mkongojo mapajani. Arcesio aliamka akiwa hasikii chochote, upande mmoja wa shingo umechanika, akatambaa hadi kizingitini. Kigoda hakikuwapo. Ukuta wa kibanda cha kuku ulikuwa umeanguka, na Bibi Domitila alikuwa chini yake kuanzia kiunoni. Tumbo lake lilikuwa wazi. Macho yake yalikuwa yanatazama, na kwenye kiganja bado alikuwa na maharagwe. Arcesio alifika, akamshika bega. Na Bibi, kwa mazoea, akajaribu kusimama.

Edilma alipofika mbio, amepitia katikati ya risasi kama mwendawazimu, alimkuta mumewe anambembeleza mama yake asisimame. Bibi alikuwa ameshakufa muda huo. Arcesio alikuwa bado hajui.

*

Walizikwa siku moja, Bibi na mzee Efraín. Maiti ya Banquez ilichukuliwa na helikopta. Edilma aliifua ile fulana iliyobaki kwenye nondo, akaipiga pasi, akaipeleka kituoni akiwa amekunja uso. Askari wa getini aliipokea, akaanza kulia pale pale na bunduki yake shingoni.

Siku ya pili baada ya maziko, viroba vipya vikapandishwa.

Edilma alivitazama vikipita. Kisha akaingia ndani, Arcesio alipokuwa amekaa na bandeji yake, akakaa mbele yake karibu kabisa, kwa kuwa sasa sikio la mume lilikuwa limebaki moja.

"Tulivunje," alisema.

"Tuvunje nini?"

"Unajua nini."

Arcesio akainuka. "Lile zege lilisimama, Edilma! Umeona? Mtungi juu, mtungi uani, halikupasuka hata ufa wa kidole! Watu kumi wako hai kwa zege langu!"

"Lilisimama, ndiyo. Na ndilo lililowaita."

"Mimi sikuwaita. Niliweka nondo nene za milimita kumi na sita, niliweka saruji magunia sabini, nilijenga nyumba ya mwanangu!"

"Najua, mume wangu."

"Mtu hujenga vizuri ili aadhibiwe?"

"Hapa kwetu ndiyo. Mimi nilikuwa kwenye foleni, Arcesio, nakuza picha. Wewe ulikuwa mlangoni unaokoa watoto wa watu. Hakuna aliyekosa. Lakini kesho watakimbia tena kuja hapa, na nani atakuwa uani? Nidia?"

Arcesio alitazama dari. Doa la damu ya Banquez lilikuwa bado limezunguka tundu la ngazi, hata baada ya kusuguliwa kwa chokaa. Kisha akaenda stoo, na Edilma akasikia vyuma vikigongana. Alirudi na nyundo ya kilo tano.

*

Walikuja wale wale wa siku ya kumwaga, na zaidi. Walikuja pia walinzi wa jamii yetu ya wenyeji, wanaume kwa wanawake, wenye fimbo zao zenye utepe mwekundu na kijani na bila silaha nyingine yoyote. Kiongozi wao, mama mmoja mnene aitwaye Ausencia, alipanda ngazi ya mbao hadi juu, akawasalimu askari mmoja mmoja kwa mkono.

"Wanangu, mwenye nyumba anafanya ukarabati. Tunaomba mpishe."

"Hatuna amri ya kushuka," askari mmoja alisema.

"Na sisi hatuna amri ya kupanda. Shika upande ule wa kiroba, kizito."

Luteni alifika amewaka. Alisema ni kuhujumu usalama wa taifa. Arcesio, yule wa ulimi mzito, akamjibu kutoka juu mbele ya watu wote:

"Luteni, hati ya nyumba ninayo. Nyundo ninayo. Wewe una nini?"

Watu walishangilia mpaka mbwa wakabweka. Askari wakashuka na rashasha yao. Arcesio akapiga pigo la kwanza kwenye kona ya chumba cha Nidia, na nyundo ikamrudia mikononi. Zege lilikuwa zuri mno. Walipokezana tangu saa mbili mpaka saa tisa. Kila kipande kilichoanguka Arcesio alikiangalia kilivyokatika, kokoto zimeshikana na saruji sawasawa, naye akatikisa kichwa. Alikuwa analia tena mbele za watu, na safari hii hakuwa amelewa. Edilma alipika sancocho kwenye sufuria ile ile, uani, pembeni ya shimo.

Tarishi wa manispaa alimkuta anagawa supu. Barua ilikuwa imejibiwa, kabla ya siku kumi na tano. Mwanamke wa duka la nakala pale kona alikuwa amemkuzia kitambulisho bure, na Nidia aliipeleka barua kesho yake baada ya maziko, maana Edilma alikataa jambo lake liachwe nusu. Sasa akamwambia Nidia asome kwa sauti.

"'Mheshimiwa Bibi Edilma Dagua,'" Nidia alisoma. "'Tunapenda kukuarifu kuwa taifa letu lina msimamo thabiti kuhusu kuwalinda raia dhidi ya silaha za milipuko, na lilikuwa miongoni mwa…'" Akaruka mistari. "'Kuhusu kizee asiyesikia aliyetajwa, unashauriwa kuwasiliana na ofisi ya watu wenye ulemavu.'"

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akaomba chumvi.

Ni mama Ausencia aliyekuwa wa kwanza kugeuka, akiwa na bakuli mkononi. Nyumba sasa haikuwa na paa, na kupitia palipokuwa na ukuta wa uani ulionekana uwanja wote. Askari walikuwa wakiuvuka kwa safu, kila mmoja na kiroba begani. Walikuwa wanaelekea shuleni. Shule nayo ina paa la zege. Tulilimwaga wenyewe, kwa ujima, miaka sita iliyopita. Darasa la Nidia liko chini ya kona inayotazama mlima.

"Tumewahamisha," Arcesio alisema polepole. "Hatujawaondoa. Tumewahamisha tu."

Mke wa fundi viatu, mwenye watoto watatu pale shuleni, akamgeukia Edilma. "Hongera jirani. Wako umewaokoa."

Neno hilo lilimchoma mpaka mfupani, maana lilikuwa la kweli. Edilma aliweka upawa chini. Alijifuta mikono kwenye aproni, akatazama lile kopo la maharagwe ya Bibi ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kulimwaga, akatoka. Alivuka uwanja peke yake, akaupita mstari wa askari, akapanda ngazi za chuma za shule. Juu viroba vinne vilikuwa vimeshapangwa. Akakikalia cha kwanza.

Luteni alipanda nyuma yake anahema. "Mama, nimechoka na wewe. Nenda nyumbani."

"Nyumbani hakuna paa, Luteni," Edilma alisema. "Nimehamia hapa."

Chini ngazi za chuma zilianza kulia. Wa kwanza kutokeza alikuwa mke wa fundi viatu, na nyuma yake Arcesio na nyundo yake, na nyuma yake mama Ausencia na bakuli lake la supu, hajalimaliza. Mke wa fundi viatu hakumtazama Edilma usoni. Alichagua kiroba kilichokuwa karibu naye, akakikalia.